Maswali ya Wasomaji: Barafu Juu ya Bawa

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji waliosafiri au wanaofanya kazi katika nchi za baridi, na kadhaa zinauliza jambo moja: ile kazi ya kuipulizia ndege dawa ya kuondoa barafu kabla haijaruka. Tumeziweka pamoja. Baadhi tumezifupisha.

Nilipanda ndege Helsinki kuja Dar es Salaam kupitia Amsterdam. Ndege ilitoka getini, ikasimama, magari mawili yakaja kuipulizia maji ya rangi ya machungwa, kisha ya kijani. Tulichelewa karibu saa nzima na ndege ya pili ikaniacha. Nilikaa dirishani, na juu ya bawa niliona utando mweupe mwembamba tu. Je, upepo usingeupeperusha ndege ikianza kukimbia?
*Msomaji, Temeke*

Usingeupeperusha, na wembamba wake ndio unaodanganya watu. Bawa huiinua ndege kwa sababu hewa hulala juu ya mgongo wake na kuufuata vizuri hadi ukingo wa nyuma. Mgongo ukikwaruza, hewa hujitenga na bawa mapema. Takwimu wanayofundishwa marubani ni hii: jalidi (umande ulioganda) yenye ukwaruzo wa msasa wa kati au msasa mnene, ikikaa kwenye ukingo wa mbele na mgongoni mwa bawa, inaweza kupunguza nguvu ya kuinua kwa hadi 30% na kuongeza ukinzani wa hewa kwa hadi 40%. Na hasara haiishii hapo. Bawa lililochafuka huacha kubeba likiwa limeinuka dhidi ya upepo kwa pembe ndogo kuliko ile ambayo kengele ya tahadhari imepangwa kuitambua, kwa hiyo ndege inaweza kuanza kuporomoka kabla rubani hajaonywa. Mara nyingi bawa moja hutangulia kushindwa, na ndege hulalia upande huo ikiwa mita chache tu juu ya ardhi.

Theluji kavu ya juu huweza kupeperuka kweli. Lakini chini yake mara nyingi pana tabaka lililoyeyuka kidogo, likaganda na kushikamana na bati. Tarehe 10 Machi 1989 huko Dryden, Ontario, ndege aina ya Fokker F28 ya Air Ontario ilisimama kujaza mafuta huku theluji ikianguka. Injini yake ndogo ya mkiani ilikuwa mbovu, na uwanjani hapakuwa na mashine ya kuwashia injini kubwa, hivyo injini moja iliachwa ikinguruma. Dawa hairuhusiwi kupuliziwa ndege ya aina ile injini ikiwa inawaka, basi haikupuliziwa. Iliruka na kuangukia msituni mwisho wa kiwanja, na watu 24 kati ya 69 wakafa. Tume ya Jaji Virgil Moshansky iliyochunguza ajali ile ilikwenda mbali kuliko kosa la rubani: ilionyesha jinsi kila uamuzi mdogo wa siku ile, kuanzia kwenye karakana, ulivyomwachia rubani nafasi finyu zaidi.

Ndiyo maana kanuni haina kipimo cha kukadiria kwa macho. Mabawa, mkia na midomo ya injini viwe safi, au ndege isiruke. Kuhusu kuachwa na ndege ya pili: kama tiketi yako ilikuwa moja kwa safari nzima, ni wajibu wa shirika kukutafutia nafasi nyingine. Kama zilikuwa tiketi mbili tofauti, hali ni ngumu.

Kwa nini rangi mbili, na ndani yake mna nini? Rafiki yangu anasema ni maji ya moto na chumvi.
*Msomaji, Mombasa*

Chumvi hapana, ingekula alumini. Ni glaikoli iliyochanganywa na maji na dawa za kuzuia kutu. Rangi ni alama ya kutambulisha aina.

Ya machungwa ni Aina ya I. Ni nyepesi na hupashwa moto. Kazi yake kuu ni kuyeyusha barafu na kuisukuma iondoke. Ikifika kwenye mdomo wa bomba, joto lake lisipungue 60°C, na ndiyo sababu tangini huwekwa karibu na 80. Kinachoyeyusha barafu hapo hasa ni joto. Glaikoli ipo ili maji yanayobaki yasigande tena. Ya kijani ni Aina ya IV. Hii ina kizito ndani yake, hulala juu ya bawa kama uji mwepesi, na theluji inayoanguka huyeyukia humo badala ya kugusa bati. Ndege ikishika kasi, hewa huiburuta dawa, dawa hulegea ikawa nyepesi na kutiririka nyuma ya bawa kabla magurudumu hayajaacha ardhi. Kwa hiyo inafaa ndege zinazonyanyuka kwa kasi inayozidi noti 100 hivi, yaani kama kilomita 185 kwa saa. Ndege za mwendo mdogo zina Aina ya III, ya manjano. Aina ya II, yenye rangi ya majani makavu, ni ndugu wa ya IV, ila kwa kawaida haidumu sana kama hiyo.

Jambo ambalo hata wafanyakazi wa uwanjani hulikosea: glaikoli nyingi zaidi si kinga kubwa zaidi. Glaikoli ya ethilini ikiwa tupu huganda kwenye kama -13°C, lakini ikichanganywa na maji kwa kiwango cha 60% huvumilia hadi chini ya -45°C. Juu ya hilo, dawa ya Aina ya I isiyochanganywa na maji kwenye baridi kali huwa nzito mno, ikabaki bawani na kuharibu mtiririko wa hewa, kosa lilelile ililoletwa kuondoa. Kanuni ya Aina ya I ni kuacha nafasi ya nyuzi 10: nje ikiwa -12°C, mchanganyiko wako uwe unaganda kwenye -22°C au chini zaidi. Kwa Aina ya II, III na IV nafasi hiyo ni nyuzi 7. Kisha kila dawa ina kikomo chake cha baridi kilichopimwa kwa jinsi inavyotiririka kwenye upepo, na kati ya vikomo hivyo viwili unafuata kile kinachofikiwa kwanza halijoto ikishuka.

Aina ya IV hutumika tupu, yaani kama ilivyotoka kiwandani, au kwa uwiano wa 75 kwa 25 na maji, au nusu kwa nusu. Nusu kwa nusu haitumiki chini ya -3°C, na 75 kwa 25 haitumiki chini ya -14°C.

Nimepata kazi ya kupulizia dawa kwenye uwanja mkubwa Kanada, mafunzo yanaanza mwezi ujao. Naomba mnieleze hatua za kazi na mambo yanayoharibika mara kwa mara, kwa Kiswahili, nikienda darasani nisiwe mgeni kabisa.
*Dada msomaji, Toronto*

Hongera, dada. Mwongozo wa mwajiri wako na wa mtengenezaji wa ndege ndiyo utakaoufuata. Haya ni ya kukuandaa.

Kazi huanza kabla ya gari kusogea. Unapima mchanganyiko kwa refraktomita, kifaa kinachoonyesha kiasi cha glaikoli kwa jinsi mwanga unavyopinda, na tone la kupimia ulitoe kwenye mdomo wa bomba, si tangini peke yake, kwa sababu kosa likiwa kwenye mfumo wa kuchanganya ndani ya gari, tangi halitakuonyesha. Aina ya IV ina hatari yake: pampu isiyo yake hukivunjavunja kile kizito. Ikipita kwenye pampu ya kasi, au ikiachwa imepashwa moto siku nyingi hadi maji yake yapungue, kwa macho itaonekana ya kijani vilevile huku muda wake wa kukinga umekwisha nusu. Ndiyo maana mwanzoni mwa msimu sampuli hutolewa bombani na kupelekwa kupimwa kama bado ni nzito inavyotakiwa.

Ndege ikifika, hakuna anayeikaribia mpaka rubani athibitishe kwa redio au kwa waya wa masikioni kwamba breki zimefungwa, mitambo ya hewa ya abiria imezimwa ili mvuke wa glaikoli usiingie ndani, na flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa kuongeza nguvu ya kuinua) na mkia vimewekwa mahali panapotakiwa. Mwambie atapuliziwa nini na wapi. Usimwache akisie.

Unapopulizia, karibia. Kila mita ya umbali inakula joto, na dawa iliyopoa hewani ni hasara tupu. Kwenye bawa anza ncha kuja kwenye kiwiliwili, kutoka ukingo wa mbele kwenda wa nyuma. Ukipuliza kutoka nyuma unaisukumia theluji ndani ya mianya ya flapu na aileroni (vibao vya kuilaza ndege upande), mahali ambapo itaganda huko juu na hutaiona. Kiwiliwili hufanywa kutoka mgongoni kushuka chini. Theluji ya juu ya chumba cha marubani usiidharau: joto la vioo huiyeyusha, maji huteremka na kuganda kwenye vitambuzi vya mwendo, au rundo zima huteleza juu ya kioo ndege inapofunga breki. Kwenye ndege zenye injini mkiani, theluji ya mgongoni huishia ndani ya injini.

Lolote ufanyalo upande wa kushoto, ufanye na wa kulia, hata kama barafu ilikuwa upande mmoja. Ndege isiwe na mabawa mawili ya tabia mbili.

Pasipopuliziwa moja kwa moja: midomo ya injini kubwa na ile ndogo ya mkiani, mirija ya pito (ya kupimia mwendo), matundu ya kupimia kanieneo, vitambuzi vya pembe, vioo, na breki zenye moto. Barafu kwenye mapanga ya injini huondolewa kwa hewa moto, kwa sababu dawa ikiingia humo hewa ya abiria huchafuka, na maji yake yanaweza kuganda tena ndani.

Ikiwa theluji inaendelea, hatua ya pili, ya kukinga, ifuate ya kwanza kabla haijaganda. Kipimo cha kawaida ni dakika tatu, sehemu kwa sehemu. Kwa hiyo usiisafishe ndege nzima kwanza ndipo ukarudi kuikinga. Kwa Aina ya I inayotegemewa kukinga, mita moja ya mraba inataka angalau lita moja. Kwa Aina ya IV angalia kingo: dawa ikianza tu kudondoka mbele na nyuma ya bawa, imetosha. Wanaoanza hunyunyiza nyembamba kwa kuhofia gharama, na tabaka jembamba hukatika upesi.

Kisha ukaguzi, ukiwa juu kwenye kikapu cha gari ambapo mgongo wote wa bawa unaonekana. Aina fulani za ndege hutaka mkono uguse bawa. Baada ya hapo unampa rubani taarifa yake: aina ya dawa, uwiano wake, saa ilipoanza hatua ya mwisho, na kwamba ukaguzi umekamilika. Saa ni ya *kuanza* hatua ya mwisho, si ya kumaliza. Ukitaja ya kumaliza umempa dakika ambazo hana.

Na jambo ambalo ningelitanguliza kama barua ingekuwa fupi: magari na watu wahesabiwe wametoka, ndipo ndege iambiwe iko huru. Januari 1995 kwenye uwanja wa Mirabel, Montréal, Boeing 747 ya Royal Air Maroc ilianza kuondoka huku magari yakiwa bado kazini mkiani. Mawasiliano yaligongana. Wafanyakazi watatu walikufa. Neno la «tayari» litoke kwa mtu mmoja tu anayejulikana, na rubani asipolisikia waziwazi asiguse breki. Mengine ni ya kawaida ya kazi: fanya kazi upepo ukiwa mgongoni, vaa miwani, na tembea polepole, glaikoli sakafuni inateleza kuliko barafu yenyewe.

Ikishapuliziwa, ndege inakingwa kwa muda gani? Niliwahi kuona ndege ikirudishwa kupuliziwa mara ya pili.
*Msomaji, Kampala*

Jibu linatoka kwenye majedwali. Mamlaka ya anga ya Marekani na wizara ya uchukuzi ya Kanada huyachapisha upya kila msimu wa baridi. Rubani huingiza halijoto, aina ya mvua au theluji na ukali wake, aina ya dawa na uwiano, anapata vipimo viwili vya dakika: cha chini na cha juu. Aina ya I kwenye theluji ya kati haifikishi hata robo saa. Aina ya IV tupu, karibu na nyuzi sifuri, inaweza kufika nusu saa na zaidi. Mvua ya wastani au kali inayoganda ikigusa ardhi haina dakika yoyote kwenye jedwali, wala mvua ya mawe. Humo hakuna dawa iliyothibitishwa.

Hizo dakika ni makadirio. Upepo mkali au hewa inayosukumwa na injini ya ndege iliyo mbele huzifupisha. Dawa iliyochoka hujionyesha: hupoteza mng'ao, theluji hukaa juu yake badala ya kuyeyuka, na mara nyingi huanzia kwenye kingo. Muda ukipita, kuna njia mbili tu: kukagua nyuso zenyewe kwa karibu na kuruka ndani ya dakika tano, au kurudi. Uliyoiona ilichagua kurudi. Hilo ndilo jambo la kumsifu rubani, ingawa abiria huguna.

Majedwali haya yana historia. Tarehe 13 Januari 1982, Boeing 737 ya Air Florida iliruka Washington dakika 49 baada ya kupuliziwa, theluji ikianguka muda wote. Marubani walikuwa hawajawasha kinga ya barafu ya injini, vitambuzi vikaziba, na mita zikaonyesha nguvu kubwa kuliko iliyokuwapo. Iligonga daraja la Mto Potomac. Walikufa watu 78, wanne kati yao wakiwa darajani. Miaka kumi baadaye, 22 Machi 1992, F28 ya USAir iliruka LaGuardia, New York, dakika kama 35 baada ya kupuliziwa Aina ya I, na watu 27 wakafa. F28 ni ileile ya Dryden: bawa lake halina slati (vibao vya ukingo wa mbele vinavyosogezwa kuongeza nguvu ya kuinua), na mabawa ya namna hiyo hayasamehe uchafu. Baada ya LaGuardia, Marekani ilibadilisha kanuni mwaka huohuo, na dawa nzito zikaanza kuchukuliwa kwa uzito uliostahili.

Nasomea ufundi wa ndege Nairobi. Alfajiri nimeona utando mweupe chini ya bawa la ndege iliyotoka Ulaya, na nje ilikuwa nyuzi 12. Inawezekanaje?
*Mwanafunzi, Embakasi*

Ni mafuta. Baada ya saa nane angani, mafuta yaliyobaki kwenye matangi ya bawa huwa yamepoa chini ya sifuri kwa nyuzi nyingi, na bati linalogusana nayo hubaki na baridi hiyohiyo muda mrefu baada ya kutua. Hewa yenye unyevu ikiligusa, maji huganda. Nyuzi 12 au hata 15 si kinga.

Chini ya bawa, eneo la tangi, watengenezaji wengi huruhusu jalidi isiyozidi milimita 3. Juu ya bawa ni habari nyingine. Baadhi ya Boeing 737 zina eneo lililochorewa mistari myeusi mgongoni mwa bawa ambamo jalidi ya aina hii huvumiliwa kwa masharti. Nje ya mistari hiyo, hakuna. Kumbuka pia kwamba kujaza mafuta ya uvuguvugu husaidia, lakini si mara zote hufika pale palipoganda.

Hatari kubwa ni mvua. Maji yakimwagikia bawa la namna hiyo huganda yakawa kioo kisichoonekana, na kwa macho bawa huonekana limelowa tu. Vua glavu, pitisha mkono. MD-81 ya SAS iliruka Stockholm tarehe 27 Desemba 1991 baada ya kupuliziwa dawa, lakini barafu ya kioo ilikuwa imebaki karibu na kiwiliwili. Bawa lilipopinda wakati wa kunyanyuka, barafu ilibanduka na kumezwa na injini zote mbili za mkiani. Zote zilizimika. Marubani waliitua shambani Gottröra, ikavunjika vipande vitatu, na watu wote 129 wakatoka hai. Nyumbani dawa hamnayo karibu, kwa hiyo ukikuta barafu ya kioo juu ya bawa, hapana njia ila kungojea jua au kutafuta hewa moto. Kuikwangua kwa kitu kigumu kutaharibu slati na vitambuzi.

Ndege zina vipasha joto vya mabawa. Kwa nini visiwashwe chini wakaacha kumwaga dawa?
*Msomaji, Muscat*

Kwa sababu vinapasha ukingo wa mbele tu, na mara nyingi sehemu yake. Hewa moto kutoka injini, au umeme kwenye Boeing 787, imekusudiwa barafu inayokutana na bawa likiwa mwendoni, ambayo hugonga mbele. Theluji ya uwanjani huangukia mgongo mzima na mkia. Aidha, ndege nyingi haziruhusu vipasha hivyo kufanya kazi magurudumu yakiwa ardhini: pasipo upepo wa mwendo, bati huungua. Theluji ikiwa kavu na baridi kali, mafagio na hewa ya kupuliza huondoa sehemu kubwa kabla ya dawa na kuokoa mamia ya lita.

Kuokoa lita si suala la pesa peke yake. Glaikoli ikifika mtoni, bakteria wanaoimeng'enya humaliza oksijeni ya samaki. Ndiyo sababu viwanja kama Munich na Toronto hupulizia kwenye maeneo maalumu yenye mifereji ya kuikusanya. Munich huisafisha na kuitumia tena.

Iko hasara nyingine ya dawa nzito ambayo abiria haoni. Ikikauka kwenye mianya ya mkia, siku baada ya siku, huacha unga. Mvua ikinyesha, unga hunywa maji, huvimba ukawa ute, na angani ute huganda na kukaza elevata, vibao vya mkia vinavyoinua na kushusha pua ya ndege. Ndege ambazo usukani wake haupati msaada wa haidroliki ndizo zinazoumia zaidi. Tiba yake ni kuosha mianya hiyo kwa maji ya uvuguvugu kwa ratiba, na kufungua vifuniko kukagua, hata kama majira ya baridi yamekwisha.